Mume wa Nyundo

Nyundo iliingia nyumbani imevaa kaniki mpya. Bhoke, ambaye kaniki yake mwenyewe ilikuwa na matundu mawili, moja pajani na jingine mahali pasipotajwa mbele ya watu, aliitazama ikipita mlangoni akajiambia kwamba hapa ameingia mgeni wa gharama.

Ilikuwa mwaka 1947, katika kijiji kimoja mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mgodi wa Geita. Mumewe, Theonest, alikuwa wa ukoo wa wahunzi, na katika ukoo ule mwanamume hakupata nyundo kama mtu anavyopata sufuria dukani. Nyundo iliolewa. Mkubwa wa ukoo aliifua, akaipaka mafuta, akaivisha nguo na shanga. Aliyeichukua aliitolea mahari: mbuzi, mtungi wa pombe na kaniki ya kuivika. Kisha ilibebwa mikononi kama mtoto mchanga, wanawake wakipiga vigelegele njia nzima, hadi kwa bwana harusi, na huko ikalazwa kitandani siku mbili.

Kitanda kilikuwa kimoja. Siku hizo mbili Bhoke alilala chini.

Yeye hakuwa amekuja kwa vigelegele. Alitoka kwao Kuryani, upande wa Tarime, juu ya magunia ya lori, akimfuata kaka yake aliyeandikwa kazi mgodini. Kaka alishikwa na kifua akarudi nyumbani. Bhoke alibaki, kwa sababu alikuwa ameshapata wateja na hakuona mtu mwenye akili angewaachaje wateja kwa ajili ya kikohozi cha mtu mwingine. Aliuza karanga za kuchemsha karibu na lango la mgodi. Theonest alikuwa mmoja wa walaji, hodari wa kuzisifia karanga kuliko kuzilipia, na katika kuzisifia huko wakaoana na kupata binti mmoja, Eufrasia.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya kutoa mahari ya nyundo, Theonest hakuwa na kitu. Mbuzi aliyetolewa alikuwa wa Bhoke: mweusi, pembe moja imekatika, amepatikana kwa faida ya karanga. Ulezi wa pombe ulikuwa wa Bhoke, na mikono iliyousaga pia. Kaniki aliinunua Bhoke kwa Mhindi, baada ya kubishana naye tangu asubuhi mpaka Mhindi mwenyewe akaanza kuuliza njia ya kurudi Bombay. Theonest alitoa furaha.

Furaha ile ilidumu miezi saba. Majembe ya dukani yalikuwa yamejaa kila mahali, mepesi na rahisi, na jembe la Theonest, hata likiwa zuri, lilimchukua siku nzima na gunia la mkaa. Akaiacha nyundo, akaingia mgodini. Kule chini akaona giza ni jingi kuliko mshahara. Mwaka 1948 akasikia kwamba Kongwa Serikali inalima karanga kwa mashine kubwa kama nyumba.

"Karanga zipo hapa hapa," Bhoke alimwambia, akionyesha kikapu.

"Zile ni za Serikali," Theonest akasema, kana kwamba karanga za Serikali huota zikiwa zimeshachemshwa. Akaondoka.

Barua ilifika moja tu. Gregory, katekista, aliisoma mbele ya nyumba yake kwa sauti ya kanisani. Ilianza kwa kuisalimu nyundo, ikauliza hali yake, ikaagiza ipakwe samli kila mwezi na isilazwe penye unyevu. Bhoke alisalimiwa mstari wa mwisho, pamoja na kuku.

"Nimwandikie nini?" Gregory akauliza, kalamu mkononi.

"Mwandikie kuku hawajambo."

Akarudi nyumbani, akaishusha nyundo kutoka darini, akaivua kaniki akajifunga yeye, na nyundo akaanza kupondea karanga.

Hapo ndipo biashara ilipozaliwa, na haikuzaliwa kwa ndoto wala kwa maono. Mfagiaji mmoja wa mgodini alizoea kumletea vipande vya waya wa shaba kutoka jalalani, abadilishane kwa karanga. Bhoke alivipokea kwa sababu waya hufunga mlango. Siku moja kipande kikalala chini ya nyundo bila yeye kujua. Alipoinua karanga zake alikuta chini yake kitu chembamba, chekundu, kimetandazika kama jani. Akakigeuza. Akapiga tena, kwa kusudi safari hii.

Wiki ile ile mke wa karani wa mgodi alikuja kununua karanga akiwa na hereni za Mwanza. Bhoke alimpimia polepole kuliko siku zote, macho hayatoki masikioni mwa mteja, na yule mama akadhani anapendwa. Kumbe Bhoke alikuwa anahesabu: mkunjo mmoja, mikunjo miwili, ndoano imepindwa hivi, na hapa fundi alichoka akaharakisha. Mwisho akajiambia kwamba mtu aliyelipa pesa kwa kazi ile ameibiwa, na kwamba yeye angeweza kumwibia vizuri zaidi.

Ilimchukua mwaka kujua kazi. Shaba ikipigwa inakuwa ngumu na kaidi, na ukiendelea kuilazimisha inapasuka. Inabidi irudishwe motoni, chini ya chungu cha maharage, mpaka iwe nyekundu kama kaa, itumbukizwe kwenye maji, na hapo inalegea, unapiga tena. Aliharibu waya mwingi na maharage mengi. Umbo aliliiba bustanini. Alikaa karibu na maboga akatazama vile vikonyo vyao vinavyojisokota kushika mti, akavifuata kwanza kwa unyasi, maana unyasi ukikatika hakuna hasara, halafu kwa shaba. Hereni ya kwanza haikumsumbua. Ya pili, ile ya kufanana na ya kwanza, ndiyo iliyomtoa jasho, maana hakuna mwanamke anayenunua hereni moja. Alipopata jozi, alijitia mwenyewe masikioni, akaenda kisimani na kurudi na mtungi kichwani. Ndewe zikimuuma njiani, anapunguza uzito. Ndoano alizisugua kwa tupa mpaka zikawa mviringo, kwa kuwa sikio la mteja likioza, mteja hasemi hakunawa, anasema Bhoke. Mwisho majivu na ndimu, hereni inawaka.

Na nyundo ile ndiyo iliyokuwa kila kitu. Haikuwa na mpini. Ilikuwa pande la chuma la urefu wa kiganja na nusu, upande mmoja mwembamba wa kushika, mwingine mpana wa kupigia. Ukiigeuza ukaichomeka kwenye gogo, ule uso mpana unakuwa fuawe. Bhoke aliusugua uso huo kwa mchanga laini miezi miwili, mpaka ukiuinamia unaiona pua yako na unajuta. Aliwahi kuijaribu nyundo ya dukani. Iliacha alama kwenye shaba kama meno ya panya, akaitumia kugongea misumari.

Watu walimjia na mambo mengi. Mmoja alileta punje ya dhahabu imefungwa kwenye jani la mgomba, akitaka atengenezewe hereni za mchumba. Kukutwa na dhahabu mbichi kulikuwa na kifungo, na kila mtu Geita alijua.

"Imeze," Bhoke alimwambia.

"Mama Eufrasia, nakuonyesha mali, unaniambia nimeze?"

"Imeze, utoke nyumbani kwangu, na huko utakakoitoa usitaje jina langu. Mimi ni wa shaba. Sijawahi kusikia askari amebisha hodi anatafuta shaba."

Basi mwaka 1951, pamba ikiwa bado shambani, akaja Limi. Huyu alikuwa binti wa Kisukuma, kiongozi wa wasichana wa kundi la ngoma, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

"Nataka jozi thelathini," akasema kabla hajakaa.

"Una masikio mangapi?"

"Sisi ni thelathini. Pamba ikishauzwa tunashindana na wale wa ng'ambo ya mlima. Mwaka jana walikuja na vitambaa vyekundu, watu wakatuacha tunacheza peke yetu kama vichaa. Mwaka huu nataka tukigeuza shingo, watu wapofuke."

Bhoke akachukua kijiti, akachora kwenye vumbi: kikonyo cha boga juu, na chini yake vilimi vitatu vyembamba vinavyoning'inia.

"Vitalia?" Limi akauliza.

"Vilie na ngoma inapigwa, nani atasikia? Vitawaka. Jua la saa tisa likivipiga, hata mama mkwe wa mtu atatazama."

Limi alicheka akajaribu kuficha, lakini Bhoke alikuwa ameshaona. Mteja akicheka, bei haishuki tena.

"Kila msichana ataleta kuku mmoja," Limi akasema.

"Kuku gani?"

"Kuku. Mwenye manyoya."

"Namtaka anayetaga. Si aliyestaafu. Nikishika nikakuta mifupa mitupu, msichana wake atacheza na sikio tupu."

"Kuku thelathini utawapeleka wapi, mayu?" Limi akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mgodi una watu wengi na wote wana meno. Hilo niachie mimi."

Wakakubaliana wiki sita.

Habari za kuku thelathini hazikai mahali pamoja. Zilimfikia Pantaleo, kaka mkubwa wa Theonest, yule aliyeifua nyundo na kupokea mahari yake. Pantaleo alikuwa mhunzi mzuri ambaye hakuna aliyemhitaji tena. Siku nzima alikaa mbele ya mivukuto yake akingoja mtu alete jembe la kurekebishwa, na jembe la dukani likivunjika watu walinunua jingine. Aliposikia habari za kuku, aliwaza akafika mahali pabaya: alidhani hereni hutoka kwenye nyundo kama mayai yanavyotoka kwa kuku, na kwamba yeyote mwenye nyundo ataamka asubuhi azikute.

Akaja wakati Bhoke anamalizia jozi ya kumi na moja.

"Shikamoo, shemeji," Bhoke akasema.

"Marahaba. Nimemfuata bibi harusi wetu."

"Bibi harusi yupi? Mbona mimi nimezeeka?"

"Nyundo. Yule ni mke wa ukoo. Mume wake hayupo. Hawezi kukaa kwa mwanamke akitumiwa kupondea karanga."

"Karanga nimeacha. Siku hizi anafanya kazi ya maana kuliko aliyofanya kwa mume wake."

"Mwanamke haruhusiwi kumshika!"

"Shemeji, ni mke mwenzangu. Tangu lini mke mkubwa akakatazwa kumtuma mke mdogo? Halafu tunapatana vizuri. Hasengenyi, hali chakula, na mume wetu alipotukimbia hakulia."

Pantaleo alivuta pumzi kama mivukuto yake. "Siku ya nne, barazani kwa mwanangwa. Tutaona kama huko nako unacheka."

Bhoke alipobaki peke yake hakucheka. Jozi kumi na moja zilikuwa zimekwisha, kumi na tisa zimebaki. Nyundo ikienda, kumi na tisa hizo hazipo. Limi atakwenda Mwanza kununua za dukani, na mwaka mwingine hatapita tena njia hii, wala mke wa karani, wala yeyote. Angerudi kwenye karanga. Hakuwa na ubaya wowote na karanga, lakini alikuwa amezijua za kutosha.

Na kisheria alikuwa mahali pa kubanwa, alijua hivyo vizuri. Nyundo ikiwa ni chuma tu, basi ni chuma cha Theonest, kilicho nyumbani kwa Theonest, na vitu vya mwanamume asiyekuwapo huangaliwa na kaka yake. Pale kijijini hakuna mzee ambaye angesema vinginevyo. Pantaleo alihitaji kusema neno moja tu, chuma, na shauri lingekwisha kabla watu hawajakaa vizuri.

Siku ya nne akaiosha nyundo, akaipaka samli mpaka ikang'aa, akaivika ile kaniki yake ya zamani, ambayo yeye alikuwa ameivaa miaka mitatu na sasa ilikuwa na tundu moja, akaibeba mikononi mpaka barazani.

Mihayo, mwanangwa wa kijiji, yaani aliyekisimamia kwa niaba ya mtemi, alisikiliza mashauri kwenye baraza ya nyumba yake, akiwa amekalia kiti kilichokuwa zamani sanduku la chai. Alikuwa mtu mnene, amewahi kuwa askari Burma wakati wa vita, na alichojifunza huko ni kwamba jambo lolote linaweza kumalizwa kabla ya chakula. Pantaleo alikuja na wazee wawili wa ukoo. Limi alikuja na wasichana kumi, wakakaa nyuma wakijifanya wanapita.

"Pantaleo, sema," Mihayo akaanza. "Nasikia unadai chuma cha mdogo wako. Sema ni chuma cha mdogo wako, nikupe, tumalize. Ndani wanapika samaki."

Bhoke akaishika nyundo kwa mikono miwili.

Lakini Pantaleo alikuwa amekasirika. "Chuma?" akasema, akawatazama wazee wake kana kwamba mwanangwa ametukana marehemu. "Mwanangwa, chuma ni cha dukani! Chuma ni msumari, ni bati! Hii ni nyundo ya ukoo wetu. Huyu ni mke!"

"Sawa, ni mke," Mihayo akasema kwa uchovu. "Kwa namna ya kusema."

"Si kwa namna ya kusema! Tumemvika, tumempaka mafuta, amelazwa kitandani."

"Hilo ni kweli," Bhoke akadakia. "Mimi nililala chini. Mgongo wangu ni shahidi."

Wasichana wakacheka. Mihayo akainua kidole. "Mama Eufrasia, utapata zamu."

"Nitachukua zamu yangu kwa kumwuliza shemeji maswali mawili matatu, ukiniruhusu, baba. Sina hotuba."

"Uliza. Haraka."

Bhoke akaiweka nyundo mapajani, taratibu, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenyewe.

"Shemeji, mimi ni mgeni katika kabila hili, nielimishe. Ni mke kweli, au mke wa mzaha?"

"Kweli."

"Kama wake wengine?"

"Zaidi ya wengine!"

"Mtu akimchukua bila mahari?"

"Hajaoa. Ni mwizi." Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba babu yake alimrudisha mtu na nyundo yake kwa sababu mbuzi alikuwa mgonjwa.

"Kwa hiyo anayetoa mahari ndiye mume."

"Nani mwingine?"

"Na ya huyu ulipokea wewe, kama baba yake."

"Nilipokea mimi. Kila kitu kilitimia."

"Alitoa nani?"

Upande wa nyuma wasichana waliacha kujifanya wanapita.

"Theonest," Pantaleo akasema.

"Theonest alikuwa na mbuzi?"

Pantaleo akawageukia wazee wake.

"Mbuzi mweusi," Bhoke akasema, sasa akimgeukia Mihayo, "pembe moja imekatika. Baba mwanangwa, ulikuwapo. Ini ulikula wewe."

Mihayo akakunja uso, akatazama juu, na polepole kumbukumbu ya ini ikamfikia. "Lilikuwa zuri," akakiri. "Na pale watu walikusifu wewe kwa mbuzi, si Theonest. Nakumbuka nilishangaa."

"Na pombe ilikuwa ulezi wangu, hata mama wa Theonest alisema mbele ya watu kwamba mwanawe kaolewa. Na kaniki ni hii, kwa Mhindi bado wanasimulia. Basi mimi nimetoa mahari yote, nyinyi mmepokea, mkala, mkalewa. Ndugu zangu, huyu mke ni wa kwangu. Mume wake ni mimi."

Baraza ililipuka kwa kelele. Mzee mmoja wa ukoo alisimama, akakaa, akasimama tena. Pantaleo alipiga kelele kwamba mwanamke haoi.

"Hapa haoi. Kwetu Kuryani mwanamke mwenye mali asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenzake, anatoa ng'ombe, anaitwa mume, na hakuna anayeshangaa. Mimi mtoto wangu ni Eufrasia peke yake. Nina haki zote."

"Uongo wa Kikurya!"

"Si uongo," Mihayo akasema, na watu wote wakamgeukia. "Burma sajini wetu alikuwa Mkurya. Mama yake alikuwa na wake wawili. Alikuwa anatuma pesa kwa hao wote, akilalamika kuliko sisi." Akajikuna kidevu. "Tulimcheka mara moja tu. Alikuwa mtu mkubwa."

Pantaleo hakuwa mjinga. Alitabasamu, na tabasamu lile Bhoke hakulipenda.

"Vema," akasema. "Wewe ni mume. Mimi ni baba wa binti. Basi narudisha mahari. Kesho naleta mbuzi, pombe na kaniki. Ndoa imevunjika, namchukua binti yangu."

Wazee wakapiga mapaja kwa furaha. Mihayo akaitikia kwa kichwa: sheria ilikuwa hivyo kweli. Bhoke alikuwa amejiandaa siku tatu kwa kila jibu isipokuwa hilo. Ilikuwa kama mteja ameshusha bei dakika ya mwisho. Jambo la kwanza katika hali hiyo ni kutoonyesha kitu usoni. La pili ni kuitazama bidhaa upya.

Akaitazama nyundo.

"Ni haki yako, baba mkwe," akasema kwa upole, na lile neno baba mkwe likamfanya Pantaleo arudi nyuma kidogo kwenye mkeka. "Lakini ndoa haivunjwi na baba kwa kuwa ameota. Binti mwenyewe amekujia analalamika?"

"Nini?"

"Amekimbilia kwako? Amesema anapigwa?"

"Nyundo itasemaje..."

"Ulisema ni mke kweli, zaidi ya wengine. Kupigwa hapigwi, anapiga yeye. Halishwi? Baba mwanangwa, mtazame." Akaifunua kaniki, akainua ule uso wa nyundo, na jua likaingia humo likarudi usoni kwa Mihayo mpaka akafumba macho. "Samli kila mwezi, kama barua ya Theonest ilivyoagiza, katekista aliisoma. Sasa baba mkwe, nyumbani kwako una nyundo yako, mkeo wa miaka ishirini. Waambie watu wamlete, tumtazame naye."

Hakuna aliyehitaji kuletewa. Kila mtu aliyewahi kupita kwa Pantaleo alikuwa ameiona nyundo yake imelala penye matope karibu na mivukuto, ina kutu, kuku wamekaa juu yake.

"Kuku wanamnyea!" Limi akaita kutoka nyuma, kwa ile sauti yake ya kuvuka mto.

Hata wale wazee wawili walicheka, mmoja akifunika mdomo. Pantaleo alitazama chini.

Mihayo alisikia harufu ya samaki akakata shauri. "Binti ametunzwa, hajalalamika. Baba anayetaka kumrudisha nyumbani anakofuga mkewe na kuku, simpi. Nyundo inabaki kwa mumewe, Bhoke. Lakini mama," akamnyooshea kidole, "ukitaka kuwa mume, uwe mume mzima. Kila mavuno umpelekee mkweo pombe. Mitungi miwili."

"Mmoja."

"Hapa si sokoni!"

"Mmoja, baba. Mke mwenyewe ni mmoja."

Mihayo alikuwa ameshasimama. "Mmoja. Na heshima ya ukwe ifuatwe: mkwe haingii nyumbani kwa mkwewe. Pantaleo, umesikia. Hutakanyaga mle ndani tena."

Bhoke alitaka kumshukuru kwa hilo la mwisho, akaona akishukuru sana mtu atagundua ni zawadi.

Jozi thelathini zilikwisha siku mbili kabla ya ngoma. Wawili kati ya kuku walikuwa wamestaafu, na wasichana wao waliambiwa warudi na wengine. Siku ya ngoma, jua la saa tisa lilifanya kazi yake. Wale wa ng'ambo ya mlima walibaki na vitambaa vyao vyekundu na mbwa watatu wa kuwatazama, na wiki ile ile kiongozi wao akaja kwa Bhoke kuuliza bei. Bhoke alimwambia mwaka ujao, na bei kubwa kuliko ya Limi. Kisha akamtumia Limi habari kwamba wale wamekuja, ili Limi naye aagize mapema.

Theonest alirudi mwaka uliofuata, mpango wa karanga za Serikali ukiwa umekwisha bila karanga. Aliingia, akatazama darini, akauliza nyundo iko wapi. Bhoke akamweleza yote, hatua kwa hatua, pamoja na ini. Theonest alisikiliza, akafikiri sana.

"Kwa hiyo mimi ni nani hapa?"

"Unajua kukata waya?"

Alijua. Alikuwa hodari hasa, na sasa alizisifia hereni kama alivyozisifia karanga, kwa wateja, jambo lililokuwa na faida.

Mavuno ya mwaka 1953 Pantaleo alikuja kuchukua mtungi wake. Alisimama nje ya ua wa matete kama heshima inavyotaka, akakohoa. Ndani, Bhoke hakutoka, kwa heshima hiyo hiyo. Mtungi ulishatangulizwa nje, lakini kikohozi hakikuondoka.

"Mkwe," Pantaleo akayaambia matete. "Binti yangu Paskalia anaolewa. Huyu wa damu. Anazitaka zile za vilimi vitatu."

"Magunia mawili ya mkaa. Mkaa wa kihunzi, si ule unaotoa moshi."

"Mawili! Mwenye kuku thelathini anataka mawili kwangu? Mimi baba wa mkeo?"

"Kwa mtu baki ni moja. Mtu baki hanidai pombe kila mwaka."

Upande wa pili Pantaleo akaguna. Kisha sauti ya miguu ikienda zake, na Bhoke akarudi kwenye gogo lake. Kesho yake magunia yaliwekwa nje ya ua. Bhoke akamtuma Theonest ayainue kupima uzito. La pili lilikuwa limepungua kiasi cha sufuria moja.

Bhoke akainama, akampitishia Pantaleo, aliyekuwa akingoja nje, hereni moja chini ya matete. Mkono wa Pantaleo ukaichukua, ukabaki umefunguliwa, ukingoja.

"Na ya pili?"

"Ya pili inangoja sufuria."

Sufuria ya mkaa ililetwa kabla jua halijazama.